Huduma za Kumchagulia Mgeni Mahali pa Kula: Tathmini kwa Mtu Anayekaa Mjini Wiki Moja

Mtu anayekaa katika mji mgeni kwa wiki moja ana tatizo ambalo mwenyeji hana, na ambalo mpita njia wa usiku mmoja hana pia. Mwenyeji akila vibaya leo, kesho atarudi kwenye mgahawa alioujua tangu zamani. Mpita njia akila vibaya, kesho ameshaondoka. Mgeni wa wiki ana milo kama ishirini ya kupanga, na ukiondoa kifungua kinywa, ambacho mara nyingi huliwa kule kule anakolala, pamoja na milo ya siku ya kufika na ya kuondoka, ambayo huamuliwa na ratiba ya safari, hubaki maamuzi kama kumi hivi yanayostahili kufikiriwa. Tathmini hii inahusu huduma zinazodai kumsaidia katika maamuzi hayo: miongozo ya wakaguzi, tovuti za maoni ya wateja, ramani za simu, mifumo ya kuweka nafasi ya meza, na ushauri wa watu wa mapokezi. Nimezipima zote kwa swali moja, yaani kama huduma inamsaidia mtu mwenye milo kumi mbele yake, au inamsaidia mtu anayetafuta mgahawa bora kuliko yote mjini. Karibu zote zimetengenezwa kwa ajili ya huyo wa pili.

Mwongozo wenye heshima kubwa zaidi ndio unaoonyesha jambo hilo waziwazi. Kampuni ya matairi ya ndugu wawili, André na Édouard Michelin, ilichapisha mwongozo wake wa kwanza nchini Ufaransa mwaka 1900 na kuugawa bure kwa wenye magari, ambao wakati huo walikuwa wachache, kwa matumaini kwamba wakisafiri zaidi watanunua matairi zaidi. Nyota za migahawa zilianza mwaka 1926, madaraja ya nyota mbili na tatu yakafuata mwaka 1931, na mwaka 1936 maana ya kila daraja ikachapishwa: nyota moja ni mgahawa mzuri sana katika kundi lake, nyota mbili ni mapishi yanayostahili mtu kuiacha njia yake ili ayafuate, na nyota tatu ni mapishi yanayostahili safari mahsusi. Hiyo ni lugha ya dereva aliyeko barabarani kati ya mji na mji. Mgeni wetu ameshafika, na anachohitaji kujua ni kama mgahawa fulani unastahili kupewa jioni moja kati ya jioni tano au sita alizo nazo, ikizingatiwa kwamba mlo wa aina hiyo unaweza kuchukua saa tatu na kumeza fedha zilizotengwa kwa siku mbili.

Sisemi hivyo kwa kuudharau. Wakaguzi wa Michelin hufika bila kujitambulisha na hulipa bili yao wenyewe, na vigezo vyao vinahusu kilichomo ndani ya sahani tu: ubora wa viungo, ustadi wa kupika, uwiano wa ladha, sura ya mpishi mwenyewe katika chakula chake, na uthabiti wa jikoni kutoka ziara moja hadi nyingine. Mapambo ya ukumbi na vitambaa vya meza havihesabiwi katika nyota, na ushahidi mzuri ulitolewa mwaka 2016, pale vibanda viwili vya chakula nchini Singapore vilipopewa nyota moja kila kimoja. Kigezo cha uthabiti ndicho ninachokithamini zaidi, kwa sababu ndicho ambacho maoni ya mteja aliyefika mara moja hayawezi kukithibitisha. Udhaifu mkubwa wa mwongozo huo ni kwamba hauendi kila mahali, na katika baadhi ya nchi na miji, Thailand ikiwa mojawapo, taasisi za utalii zimechangia gharama za kuuleta. Mji kutokuwa na nyota hata moja, kwa hiyo, hakumwambii msomaji lolote kuhusu wapishi wake.

Kwa mgeni wa wiki, sehemu ya mwongozo huo yenye faida zaidi haina nyota kabisa. Ni orodha ya Bib Gourmand, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya migahawa inayopika vizuri kwa bei ya wastani. Orodha hiyo hutoa meza za kawaida ambazo mtu anaweza kuzifikia Jumanne mchana bila maandalizi, na ningemshauri yeyote anayekwenda kwenye mji uliomo katika mwongozo aanze na hiyo, kisha achague mgahawa mmoja tu wenye nyota iwapo uwezo upo. Akiuchagua, aangalie kwanza mlo wa mchana, kwa kuwa migahawa mingi ya daraja hilo hutoa menyu fupi ya mchana yenye bei ndogo kuliko ya jioni, na jiko ni lile lile.

Tovuti za maoni ya wateja, kama vile Tripadvisor iliyoanzishwa mwaka 2000 na Yelp iliyofuata mwaka 2004, zilikuja na wazo kinyume: badala ya wakaguzi wachache wanaojua mengi, wateja wengi ambao kila mmoja anajua kidogo. Nguvu ya wazo hilo imepimwa. Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wake wa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle, alikuta kwamba nyota moja ya ziada katika Yelp ilihusiana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea, si kwa ile ya makampuni yenye matawi mengi, ambayo wateja wake tayari wanajua watakachopata. Mwaka uliofuata, Michael Anderson na Jeremy Magruder walionyesha kwamba huko San Francisco nusu nyota ya ziada iliifanya migahawa ijaze meza za saa za kilele mara nyingi zaidi, kwa pointi 19 za asilimia.

Jinsi nusu nyota hiyo inavyopatikana ndiko kunakonifanya niwe na mashaka. Yelp ilikuwa ikionyesha wastani baada ya kuusogeza hadi nusu nyota iliyo karibu, kwa hiyo mgahawa wenye wastani wa 3.74 ulionekana na nyota tatu na nusu, na jirani yake mwenye 3.76 akaonekana na nne. Hakuna ulimi unaoweza kuonja tofauti ya sehemu mbili za mia, lakini mmoja alijaza ukumbi na mwingine akabaki na viti. Watafiti hao wawili waliutumia mpaka huo huo kuthibitisha kwamba ni alama, wala si chakula, iliyowavuta watu. Mgeni anayechuja orodha yake kwa kusema "nne na zaidi" anaifuata kalamu ya mhasibu.

Kuhusu udanganyifu, kisa cha mwaka 2017 kinatosha kumtia mtu tahadhari. Mwandishi Oobah Butler alisajili Tripadvisor mgahawa usiokuwepo, akauita The Shed at Dulwich, na mahali pake pakiwa kibanda cha uani kwake huko London. Kwa kutumia picha za kutunga na maoni yaliyoandikwa na marafiki zake, mgahawa huo ulipanda hadi nafasi ya kwanza kati ya migahawa yote ya London katika tovuti hiyo. Tripadvisor yenyewe imeripoti kwamba katika mwaka 2022 ilibaini maoni ya uongo takriban milioni 1.3 kati ya zaidi ya milioni 30 yaliyotumwa. Sheria zimeanza kukaza pia: katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, mfanyabiashara anayeonyesha maoni ya wateja hana budi kueleza kama anahakikisha yametoka kwa wateja halisi na anafanyaje hivyo, na nchini Marekani kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024. Hata hivyo sidhani kwamba uongo wa kupangwa ndio unaomharibia mgeni mingi ya milo yake. Kinachomharibia ni maoni ya kweli yasiyomhusu: ya watu waliokuja kwenye harusi, waliokaa kwa dakika ishirini, au waliopewa kinywaji cha bure wakiombwa nyota tano kabla hawajanyanyuka.

Ndiyo maana thamani ya tovuti hizi iko katika maandishi, na anayeishia kwenye nambari ya juu ya ukurasa ametumia nusu ya huduma, tena ile nusu mbaya. Idadi ya watoa maoni ndiyo ya kutazama kwanza, kwa kuwa wastani wa 4.4 uliotokana na watu elfu mbili una uzito kuliko wa 4.9 wa watu kumi na watano, ambao huenda wengi wao ni jamaa wa mwenye duka. Kisha maoni yapangwe kwa kuanzia ya karibuni, maana mpishi huondoka, mwenye mali hubadilika, na sifa za miaka mitatu iliyopita huendelea kuubeba mgahawa ambao jiko lake limeshakuwa lingine. Mimi husoma zaidi maoni ya nyota tatu. Anayetoa tano anashangilia na anayetoa moja ana hasira, lakini anayetoa tatu mara nyingi amekaa akapima, na hueleza kwamba chakula kilikuwa kizuri ila kilichelewa, au kwamba ukumbi ulikuwa na kelele kiasi cha kutosikilizana.

Malalamiko nayo si ya aina moja. Mtu akilalamika kwamba mhudumu hakutabasamu, au kwamba sahani ilikuwa ndogo, au kwamba aliambiwa asubiri meza siku ya Jumamosi usiku, hilo ni la kwake na msomaji anaweza kulipita. Malalamiko kuhusu bili ni habari nyingine kabisa: vitu ambavyo havikuagizwa, bei iliyobadilika kati ya menyu na risiti, ada ya kukaa ambayo haikutajwa. Yakionekana mara tatu kwa watu tofauti katika miezi tofauti, mgahawa huo ufutwe kwenye orodha, hata ukiwa na nyota nne na nusu. Yafaa pia kushtuka pale maoni mafupi ya nyota tano yanapofuatana ndani ya siku chache, yote yakimtaja mhudumu yule yule kwa jina, kwa kuwa hiyo ni dalili kwamba wafanyakazi wameagizwa kuyaomba.

Kwa mwenye sharti la chakula, kisanduku cha kutafuta neno ndani ya maoni kina faida kuliko nyota zote. Mwenye mzio wa karanga, asiyekula nyama, anayetaka chakula halali au anayesafiri na mtoto mdogo aandike neno lake pale, kwa lugha ya mji ule ikiwezekana, asome watu wenye hali kama yake walitendewaje. Picha za wateja pia zisomwe kwa macho ya namna hiyo. Picha za mwenye mgahawa huonyesha sahani siku ya kupigwa picha. Picha za wateja huonyesha ukubwa halisi wa kipimo, mwanga wa ukumbi, watu wanaokula pale, na mara nyingi ukurasa wa menyu wenye bei, ambayo tarehe ya picha itakuambia kama bado inaaminika.

Hapa ningependa kuukumbuka mwongozo wa Zagat, ulioanzishwa mjini New York mwaka 1979 na Tim na Nina Zagat, ambao nao ulitegemea maoni ya walaji wa kawaida lakini ukatoa alama mbalimbali kwa chakula, kwa mapambo na kwa huduma, kila moja kati ya 30, pamoja na makadirio ya gharama. Msomaji aliweza kuona kwa mtazamo mmoja kwamba mahali fulani pana chakula bora na viti vibovu, akaamua mwenyewe. Google iliununua mwaka 2011 na kuuuza mwaka 2018. Leo Google na Tripadvisor humwomba mtoa maoni atenganishe chakula na huduma, lakini alama inayopanga orodha na kuvuta jicho imebaki moja, na katika hilo naona tumerudi nyuma.

Ramani ya simu ndiyo huduma ninayoipa alama za juu kwa kazi hii, ingawa si kwa sababu ya nyota zake, ambazo zina kasoro zote nilizozitaja. Ubora wake ni kwamba inajua mgeni yuko wapi. Katika wiki ya matembezi, mlo wa mchana huamuliwa na mahali mtu alipo saa saba, na mgahawa mzuri ulio umbali wa dakika arobaini ni mgahawa usiokuwepo. Njia bora niliyoiona ni kuhifadhi kwenye ramani, kabla ya safari, mahali pawili au patatu katika kila mtaa ambao mtu anakusudia kuutembelea, bila kupanga siku wala saa. Njaa ikimkuta popote, atakuwa na chaguo lililofikiriwa akiwa ametulia, na ataepuka lile kosa la kuamua akiwa amechoka, ambalo humwangusha kwenye mgahawa wa kwanza unaotazamana na kivutio cha watalii.

Ramani pia hutoa taarifa mbili ambazo miongozo ya vitabu haiwezi kuzitoa vizuri, nazo ni saa za kufungua na wingi wa watu kwa kila saa ya siku. Saa za kufungua zina hitilafu: mwenye mgahawa asipozisasisha wakati wa sikukuu au ukarabati, ramani itasema pamefunguliwa na mlango utasema vingine, kwa hiyo panapohitajika safari ndefu, simu ipigwe. Michoro ya wingi wa watu, kwa upande wake, humsaidia anayeweza kula nusu saa kabla ya wengine kupata meza pale ambapo foleni ingemzuia. Angalizo la mwisho kuhusu ramani ni la intaneti. Ramani iliyopakuliwa mapema huonyesha njia hata simu ikiwa haina mtandao, lakini maoni mapya na picha huhitaji muunganisho, kwa hiyo anayekwenda nchi ambayo huduma ya data ni ghali kwake aandike sababu ya kila chaguo katika maelezo mafupi kabla ya kuondoka, la sivyo atabaki na alama kwenye ramani asizokumbuka zilihusu nini.

Mifumo ya kuweka nafasi ya meza, ambayo OpenTable ya mwaka 1998 ni miongoni mwa mikongwe, hufanya kazi yake vizuri na haina mengi ya kuelezwa. Mgeni akumbuke tu kwamba mfumo huonyesha migahawa iliyojiunga nao, hivyo mahali pasipopokea nafasi za mapema hapaonekani humo kamwe, na kwamba migahawa mingi sasa huchukua taarifa za kadi ya benki na kutoza ada kwa asiyefika. Kwa wiki nzima, nafasi mbili zinatosha. Mwenye nafasi kila jioni amejinyima uhuru wa kurudi alikopapenda.

Ushauri wa mapokezi ya hoteli una sifa mbaya kuliko unavyostahili. Ni kweli kwamba baadhi ya hoteli hupata kamisheni kwa kila mgeni zinayemwelekeza mahali, na kadi zilizopangwa juu ya kaunta zifikiriwe kuwa matangazo. Lakini tatizo kubwa liko katika swali. Anayeuliza "Wapi pazuri pa kula?" atapewa jibu salama, yaani mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kurudi akilalamika. Anayemuuliza mfanyakazi yeye mwenyewe hula wapi akitoka kazini, au wapi angempeleka dada yake akija kumtembelea, humlazimisha afikirie upya, na jibu huja taratibu zaidi lakini huwa la kweli zaidi. Msafishaji wa vyumba, dereva na muuza duka wa jirani wanaweza kuulizwa vivyo hivyo, na wao hawana kadi za kugawa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna huduma kati ya hizi inayolihimiza, nalo ni kurudi. Programu zote zimejengwa kumsukuma mtu kwenye jina jipya, kwa sababu jina jipya huleta utafutaji mpya na maoni mapya. Kwa mgeni wa wiki, ziara ya pili mahali pale pale mara nyingi huwa bora kuliko ya kwanza: ameshajua kipimo cha sahani, anajua meza ipi iko mbali na mlango wa jikoni, na mhudumu anayemtambua humwambia kilichoingia leo na kumwonya kwa upole asiagize kilicholala. Ningetenga milo miwili au mitatu ya wiki kwa ajili ya kurudi, na kwa sababu hiyo ningetafuta siku ya kwanza, kwa miguu, mahali pa kawaida karibu na pa kulala, nikitazama kama menyu ni fupi, kama bei zimeandikwa mlangoni, na kama waliomo ndani wanaongea lugha ya pale.

Programu za kuletewa chakula ningeziacha kwa usiku wa kuwasili na kwa siku ya ugonjwa, kwani chakula kilichosafiri ndani ya sanduku hakiwezi kutumika kuupima mgahawa wowote. Programu za akili mnemba zinazojibu kwa mazungumzo hupendeza kwa kupanga mawazo, ila huweza kutaja kwa ujasiri mahali palipofungwa zamani au pasipokuwepo kabisa, hivyo kila jina zinalolitoa lipitishwe kwenye ramani kwanza.

Mgeni akirudi kwao na kutaka naye kuandika maoni, aandike kile alichokikosa alipokuwa akisoma ya wengine: kwamba alikula mchana au usiku, siku gani ya wiki, wakiwa watu wangapi, waliagiza nini, walisubiri kwa muda gani, bili ilikuwa kiasi gani na kama ililingana na menyu. Nyota aziweke mwisho, akishamaliza kuandika.